Nyumba Mpya, Baridi ya Zamani: Somo kwa Wanaojenga na Wanaopanga Eastlands



Somo la toleo hili linahusu nyumba: jua linavyoingia, hewa inavyotoka, na pesa za stima na makaa zinavyopotea bila mwenye nyumba kujua. Wengi watasema hayo ni mambo ya mafundi na mainjinia, si ya ofisi ya maendeleo ya parokia. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoitwa kutembelea familia moja ya jumuiya yetu huko Kayole.

Familia hiyo ina watu sita. Baba na mama waliweka akiba miaka kumi na mmoja katika chama cha akiba na mikopo, wakanunua ploti ndogo, wakajenga. Nyumba ni ya mawe ya Ndarugo, vyumba vitatu na sebule, bati jekundu juu, vigae sakafuni. Siku ya kubarikiwa nyumba tulikuwepo, tukaimba na kula pilau. Kila mtu alisema, "Hawa sasa wamepumzika."

Mwezi wa Julai, miezi saba tu baadaye, mama na mtoto wao mdogo walikutwa chumbani alfajiri wakiwa hawajitambui. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali. Walikuwa wameingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto apate joto, na matundu ya hewa juu ya dirisha walikuwa wameyaziba kwa karatasi za nailoni. Baba, aliyekuwa kazi ya usiku, alirudi mapema kuliko kawaida. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mama na mtoto walipelekwa hospitali, wakapata nafuu, wakarudi nyumbani.

Tulipokwenda kuwaona ilikuwa saa nane mchana. Sebuleni taa imewashwa, jikoni imewashwa, ushorobani pia.

"Mama, mbona stima mchana wote huu?" tukauliza.

"Ah, dada zangu, bila stima hapa siwezi kuchambua hata mchele. Na hizo tokeni zinaisha kama maji. Nikinunua za mia tano, hata wiki haifiki."

Basi tukakaa chini, tukaanza kuuliza maswali. Tutafuata njia yetu ya kawaida: kuona, kupima, kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Baridi ilitoka wapi?

Wengi wanamlaumu yule mama: kwa nini aliingiza jiko chumbani? Ni kweli ni kosa la hatari. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, ndiyo yanayotudanganya. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Lakini tukiishia kwa kumlaumu mama, hatujaona kitu. Tulimwuliza kwa nini aliziba matundu. Akasema upepo ulikuwa unaingia. Kwa nini chumba kilikuwa na baridi kiasi hicho? Tukatazama juu: hapakuwa na dari, ile wengi wetu tunaiita silingi. Pesa zilikuwa zimeisha kabla ya kufika hapo, na fundi akasema, "Hiyo mtaweka baadaye." Kumbe wakati vigae vya sakafu vilinunuliwa, dari iliachwa.

Bati ni chuma chembamba. Mchana hushika moto wa jua na kuutupa chini kwenye vichwa vya watu. Usiku hupoteza joto lake haraka sana kwa anga iliyo wazi, likapoa kupita hewa ya nje. Ndiyo maana asubuhi ya Julai mnaona bati linadondosha maji ndani ya nyumba: ni pumzi za watu waliolala zimegusa bati baridi zikageuka maji. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa tanuri mwezi wa Februari na friji mwezi wa Julai.

Tazameni mnyororo wake. Dari haikuwekwa, kwa hiyo chumba kikawa baridi. Chumba kikawa baridi, matundu yakazibwa. Matundu yakazibwa, jiko likaingizwa. Jiko likaingizwa, mauti yakabisha hodi. Kosa la usiku mmoja lilianza siku ya kujenga.

Jua letu linapita wapi?

Nairobi iko karibu sana na ikweta, digrii moja na kidogo upande wa kusini. Hilo si jambo la darasani tu. Simama uani saa sita mchana utazame kivuli chako. Mwezi wa Juni kivuli kinaangukia kusini, maana jua liko upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba kinaangukia kaskazini. Machi na Septemba, kivuli kiko chini ya miguu yako.

Maana yake kwa mjengaji ni hii: kuta zinazotazama kaskazini na kusini hazipigwi sana na jua, kwa sababu wakati wa mchana jua liko juu ya paa. Paa likitokeza nje ya ukuta sentimita 60 tu, hata saa sita mchana ya Juni kivuli kinashuka karibu mita moja na robo ukutani, na dirisha linakingwa. Lakini ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua la chini, linaloingia moja kwa moja dirishani, na hakuna paa linaloweza kulizuia. La asubuhi halina neno. Linaondoa baridi ya usiku. La jioni ndilo baya, maana linaingia wakati nyumba imekwisha kupata joto la kutwa.

Kwa hiyo, ploti ikiruhusu, upande mrefu wa nyumba na madirisha makubwa vitazame kaskazini na kusini. Vyumba vya kulala vinaweza kupata jua la asubuhi. Upande wa magharibi tuweke choo, bafu, ngazi au stoo.

Nasi tuseme ukweli wetu. Miaka ya nyuma tulisimamia ujenzi wa chumba cha kushonea cha kikundi cha akina mama. Tuliweka madirisha makubwa mawili upande wa magharibi kwa sababu huko ndiko kwenye barabara, tukitaka wateja waone nguo. Saa tisa ikifika, akina mama wanahamisha cherehani ukutani kama watu wanaokimbia mvua. Hakuna aliyetuonya, wala sisi hatukuuliza.

Mwanga ulipotelea wapi?

Eastlands ya zamani haikubanana hivi. Ukipita Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, bado utaona nyumba za chini za mawe zikizunguka viwanja vya wazi. Kila nyumba ina upande wa kupumua. Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulipoanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walipewa ploti zenye choo na bafu, kisha kila mmoja akajijengea vyumba kuzunguka ua mdogo. Ule ua ulikuwa ndio dirisha la nyumba: mwanga, hewa, mahali pa kupikia na kuanika nguo. Leo katika ploti nyingi za Dandora, Kayole na Umoja ua umemezwa, ghorofa zimepanda mpaka ukingoni, na dirisha la mtu linatazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja.

Nyumba ya rafiki zetu ndiyo hali yake. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa jirani, mawe meusi yasiyopakwa chochote. Na madirisha yenyewe yalikuwa madogo. Kipimo ambacho mafundi wa zamani wanakijua ni kwamba dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 na nusu kina sakafu ya mita 10 na nusu za mraba. Basi kinataka dirisha la mita moja ya mraba, si kitundu cha kuchungulia.

Tokeni zinaliwa na nani?

Hapa tulipata funzo ambalo hatukulitarajia. Sisi tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba mwizi wa tokeni ni zile taa za mchana. Lakini tulichukua kalamu, tukahesabu pamoja na mtoto wao wa kidato cha pili. Hesabu yenyewe ni rahisi: wati za chombo, mara saa za kukitumia, gawanya kwa 1,000. Unapata yuniti.

Taa tatu za LED za wati 9, zikiwaka mchana saa 10, zinakula yuniti 0.27 kwa siku. Kwa mwezi ni kama yuniti 8. Taa za usiku, nyingine 8. Televisheni 9. Pasi ya wati 1,000, saa moja mara tatu kwa wiki, karibu 13. Birika la stima la wati 2,000, dakika kumi kwa siku, 10. Jumla yote hiyo ni yuniti 48.

Kisha tukafika bafuni. Shawa ya stima imeandikwa wati 5,500. Watu sita, kila mmoja dakika nane, ni dakika 48, yaani saa 0.8. Mara 5,500, ni yuniti 4.4 kila siku. Kwa mwezi, yuniti 132!

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe namgombeza mtoto kwa taa, na mimi mwenyewe naimba nyimbo mbili bafuni." Tulicheka wote. Lakini tuseme yuniti moja ni shilingi 25, kwa ajili ya kurahisisha hesabu: nyumba inatumia yuniti 180, yaani shilingi 4,500 kwa mwezi. Shawa peke yake inakula 3,300. Taa za mchana zinakula 200.

Hivyo somo ni mara mbili. Kwanza, usimshike mwizi kabla ya kuhesabu. Pili, giza la nyumba ni hasara hata kama halimalizi tokeni, maana chumba kisichoona jua hakikauki, na chumba kisichokauka huleta ukungu ukutani na kikohozi kwa watoto. Na wako wenye balbu za zamani za wati 60. Kwao zile taa tatu zingekula yuniti 54 kwa mwezi badala ya 8. Kwa hao, kubadilisha balbu ni kazi ya leo jioni.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima aketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tunahesabu mawe, simiti, mchanga na fundi. Hatuhesabu gharama ya kuishi ndani yake. Mawe yanalipwa mara moja. Giza na baridi vinalipwa kila mwezi, miaka thelathini.

Papa Francisko, aliyeaga dunia Aprili 2025, alitufundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba mambo madogo ya nyumbani, kama kuzima taa isiyohitajika, ni sehemu ya upendo kwa viumbe vya Mungu. Mwaka huohuo, tarehe 27 Novemba, alifika Kangemi hapa Nairobi, akazungumza juu ya haki za watu wa mitaa ya mabanda. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: kutunza dunia, na kumtunza mtu asiye na nyumba ya kufaa.

Kuna wanaouliza: stima ya Kenya si inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana? Tunaokoa nini? Ni kweli, mvuke wa ardhini ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya stima yetu. Lakini jioni, kuanzia saa moja, nchi nzima inawasha taa, televisheni na shawa kwa pamoja, na hapo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Mafuta hayo yananunuliwa nje kwa pesa za kigeni, na gharama yake inarudi kwenye tokeni zetu. Tena tukumbuke makaa. Gunia linaloingia Kayole ni mti uliokatwa mahali fulani, na mvua ya mahali hapo ndiyo inayotulisha sisi.

Lakini kuna jambo zito kuliko yote: haki. Anayejenga nyumba ya kupangisha si yeye anayelala ndani yake. Landilodi akiacha dari na kupunguza dirisha, anaokoa pesa kidogo siku ya kujenga. Mpangaji analipa kwa tokeni, kwa makaa, kwa dawa za kikohozi, kila mwezi, na akihama anakuja mwingine kulipa. Wako landilodi ndani ya jumuiya zetu. Wengine ni viongozi. Hatuwasemi vibaya. Tunawaomba tu walale usiku mmoja wa Julai katika chumba wanachokipangisha, kisha waamue wenyewe.

Kujenga vizuri si lazima kuwe kwa matajiri. Pale Lang'ata, maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki hupozwa kwa kupitisha hewa kwenye mawe yaliyopangwa chini ya jengo. Hewa ikipata joto hupanda na kutokea juu kwenye dohani. Akili ni ileile ya bibi zetu walioweka chakula kwenye baridi ya kivuli: hewa ya baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Hiyo haina bei.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

A. Kwa ambaye bado hajajenga

Mwambie fundi mambo haya kabla ya kuchimba msingi. Usiogope kuambiwa unajifanya injinia.

1. Chora jua kwanza. Nenda kwenye ploti asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Andika jua linatoka wapi na jirani anakinga wapi.

2. Madirisha makubwa kaskazini na kusini, madogo magharibi. Kila chumba kiwe na mahali pawili pa hewa, ikiwezekana pande mbili tofauti.

3. Matundu ya hewa ya kudumu juu ya kila dirisha, yenye wavu wa mbu. Yasifungwe kamwe.

4. Dari ni sehemu ya nyumba, si pambo. Pesa zikipungua, acha vigae, sakafu ya simiti iliyosuguliwa itakutosha. Acha pia matundu madogo ukutani juu ya dari, ili hewa moto ya chini ya bati itoke.

5. Bati la rangi nyepesi hupunguza joto la mchana kuliko lile jekundu iliyoiva au jeusi. Nyeupe haichukuliwi na wengi kwa sababu ya vumbi, lakini hata rangi ya maziwa inasaidia.

6. Jikoni na ushorobani, ikiwa hakuna ghorofa juu, weka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Moja latosha. Mawili yataleta joto.

7. Paka kuta za ndani rangi nyeupe. Taa moja inafanya kazi ya mbili.

8. Acha ua, hata wa hatua tatu kwa tatu. Chumba kimoja kisichojengwa kinaweza kuokoa vinne vilivyojengwa.

9. Mfereji wa maji ya moto kutoka paani mpaka bafuni uwekwe sasa, kabla ya plasta, hata kama hita ya sola utainunua baada ya miaka mitano. Kubomoa ukuta baadaye ndiko kunakokatisha watu tamaa. Na mwambie fundi aimarishe paa mahali tangi litakapokaa, maana lita 150 za maji ni kilo 150.

10. Jiko liwe na mahali pake: meza ya simiti karibu na dirisha, na dohani au tundu kubwa juu. Jiko likiwa na nyumba yake, halitahamia chumbani.

B. Kwa ambaye amekwisha kujenga

Usikate tamaa. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na kile kisicho na gharama: hesabu yuniti kama tulivyofanya. Halafu dari, hata chumba kimoja kwa mwaka, ukianza na cha watoto. Halafu zungumza na jirani. Rafiki zetu walimwendea jirani yao mzee, wakaomba ruhusa ya kupaka chokaa nyeupe ule ukuta wake unaotazama jikoni kwao. Mzee alishangaa, akasema, "Mpake ukuta wangu kwa pesa zenu? Mimi nina hasara gani?" Mwanga wa jikoni ulibadilika siku hiyohiyo.

Dirisha la magharibi lisiloweza kuhamishwa lipewe kivuli cha nje: kipande cha makuti, turubai, au mmea wa matunda ya pasheni utambae kwenye waya. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana jua limekwisha kuingia.

C. Kwa mpangaji

Huwezi kubadilisha nyumba ya mtu, lakini unaweza mambo matatu. Badilisha balbu, nawe ukihama uondoke nazo. Ziba upepo wa chini ya mlango kwa kitambaa, funga pazia zito, tandika mkeka au kadibodi chini ya godoro. Lakini matundu ya juu usiyaguse. Tena tazama yuniti zako: katika bei zilizoanza Aprili 2023, mwenye wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi aliwekwa katika kundi la bei ya chini. Mtu wa chumba kimoja, mwenye taa, redio, simu na televisheni ndogo, anaweza kukaa humo. Akiongeza koili ya kuchemshia maji, anatoka.

D. Jikoni

Jiko la kauri tunalolijua sote lilitengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, hapa hapa Eastlands, walikuwa kati ya waliolieneza. Wazo la awali lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa kufuata sufuria na mapishi yetu. Ule udongo wa ndani hushika moto usipotee pembeni, hivyo linaokoa theluthi moja mpaka nusu ya makaa ukilinganisha na jiko la bati tupu. Ukilinunua, gonga ule udongo kwa kidole na utazame nyufa. Jiko lililopasuka ni jiko la bati lenye bei ya kauri.

Cha pili ni kikapu cha kuivishia chakula. Chukua kikapu kikubwa, kijaze nguo kuukuu au vipande vya sponji, na ushone mto wa kufunika. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemke kwa nguvu nusu saa hivi, kisha sufuria iingie kikapuni ikiwa imefunikwa, moto na yote. Baada ya saa tatu au nne yameiva yenyewe. Kabla ya kula, yarudishe motoni yachemke tena, ili tusile chakula kilichokaa vuguvugu. Kikundi kinachotaka kujifunza kushona kikapu hiki kije ofisini, tutapanga siku.

E. Jiko la makaa na usingizi

Hili tunaliweka peke yake. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala. Si kwa dakika tano, si likiwa limefifia, si mlango ukiwa wazi kidogo. Makaa yanayofifia bado yanatoa sumu. Mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, umpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa. Wazee wa jumuiya, tangazeni hili kila mwaka mwezi wa Juni, kabla ya baridi kushika.

Familia yetu imefika wapi?

Miezi minne baadaye tulirudi. Shawa sasa ni dakika nne kwa kila mtu. Mtoto wa kidato cha pili ndiye mwenye saa, na hana huruma hata kwa baba yake. Hapo wameokoa yuniti 66. Nguo zinapigwa pasi zote Jumamosi, saa moja na nusu, wakaokoa 7. Bati la plastiki na ukuta mweupe wa jirani vimezima zile taa za mchana, 8 nyingine. Kutoka yuniti 180 wamefika 99. Kwa ile hesabu yetu ya shilingi 25, ni kama shilingi 2,000 kila mwezi.

Pesa hizo hawakuzila. Za miezi ya kwanza zilisaidia kununua mbao na bodi za dari ya chumba cha mtoto. Baba alipigilia mwenyewe na shemeji yake. Zinazofuata wanaweka kwenye chama, kwa ajili ya hita ya sola. Sebule bado haina dari, na dirisha lake bado linatazama magharibi. Pasheni imefika nusu ya waya.

Tulipokuwa tunaondoka, mama alituonyesha matundu ya hewa ya chumbani. Alikuwa ameyapangusa vumbi na kuweka wavu mpya. Akasema, "Haya nayatazama kila usiku kabla ya kusali."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, ni chumba gani kinachohitaji taa mchana? Kwa nini?

2. Kila nyumba ihesabu yuniti za chombo kimoja kabla ya mkutano ujao. Ni kipi kilichotushangaza?

3. Ni nani katika jumuiya yetu anayelala na jiko wakati wa baridi? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Landilodi na wapangaji walio hapa: ni jambo gani moja tunaloweza kukubaliana kulifanya kabla ya mwezi wa Julai?

5. Someni Luka 14:28-30. Ni gharama gani tulizosahau kuhesabu?

Majibu yenu yaleteni ofisini au yapeni makatekista. Tutayazungumzia katika toleo lijalo. Mungu azibariki nyumba zenu, na wanaolala ndani yake waamke salama.